Wanja Kwenye Picha ya Bi Zuhura

Kazi ya eksirei mimi nilifundishwa na barafu ya samaki. Nyinyi vijana mnaoingia kazini sasa, mnaobonyeza kitufe na mbavu za mtu zikatokea kwenye kioo kama televisheni, mtasema mzee anaanza kupayuka. Sawa. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hivyo msinisahihishe herufi, someni maneno.

Hospitali yetu ilikuwa upande wa Malindi. Jina silitaji, wenyewe bado wana watoto na wajukuu mjini. Chumba cha giza, yaani pale tulipooshea filamu, kilikuwa kimeezekwa mabati, na dirisha lake limezibwa kwa mbao ili mwanga usiingie. Saa saba mchana dawa ya kuoshea ilikuwa vuguvugu kama uji wa mgonjwa. Sasa filamu ina ute juu yake, na ute ule ukikutana na dawa ya moto huvimba ukateleza. Nimewahi kuinua picha ya kifua cha mtu nikaona mbavu zinashuka polepole kuelekea kiunoni. Dawa ya hilo ilikuwa kwenda kwa wauza samaki kila asubuhi kununua barafu, kuipasua kwa nyundo na kuizungushia madebe ya dawa. Picha zetu zote zilinuka samaki, changu tupu. Daktari mmoja mgeni aliinusa filamu akaniuliza, "Karisa, huyu ana kifua kikuu, ama ni papa?"

Aliyenionyesha hayo ni Mzee Chengo, aliyekuwa na chumba kile kabla yangu. Nilimkuta nikiwa mfagiaji tu, nikamwomba niingie nione, akaniambia nifunge mlango na nisiguse kitu. Kipimajoto cha dawa kilivunjika zamani na hakuna aliyeleta kingine. Yeye alitumbukiza kiwiko cha mkono. "Mtoto mchanga unapomwogesha unatafuta kipimajoto?" Kiwiko kikihisi baridi ya maji ya mtungi ya alfajiri, filamu inaingia. Mpaka nastaafu mimi nilitumia kiwiko, hata tulipoletewa kipimajoto kipya, maana kile kipya kilikuwa kinadanganya.

Tena kulikuwa na mijusi. Ute wa filamu ni chakula kwao. Ukitundika picha mbichi ikauke, mjusi anashuka kutoka darini kuja kulamba. Siku moja bwana mmoja wa Kuruwitu alipigwa picha ya kifua, ikaonekana alama ya ajabu kwenye pafu la kulia, kama nyota yenye vidole. Wakaanza kumwandikia barua ya kwenda Mombasa. Mzee Chengo akaishika filamu, akaigeuza kwenye mwanga, akakwaruza kwa ukucha. Nyayo za mjusi. Bwana yule alikuwa tayari ameshawaaga watoto wake. Lakini nawaambia jambo: alipoambiwa hana ugonjwa, alikasirika zaidi kuliko alipoambiwa anao.

Lakini nilitaka kuwaeleza habari za matiti.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulipata daktari kutoka bara, mtu mrefu, mpole, aliyevaa viatu vya kamba hata kwenye joto letu. Huko alikosoma aliona wanawake wakipigwa picha ya titi ili kutafuta saratani kabla haijatunga donge. Mashine yetu ilitengenezwa kwa ajili ya miguu iliyovunjika na vifua. Yeye hakujali. Alimwagiza seremala akate bamba la plastiki nene linalopitisha mwanga, la kulibana titi lilale. Nguvu ya mashine tukaishusha, kwa sababu titi ni nyama laini na nguvu nyingi inaifuta yote. Filamu tukaziweka bila yale mabamba ya kung'arisha ambayo huharakisha picha za mifupa, ili picha itoke na punje ndogo ndogo. Gharama yake ni kwamba mgonjwa anakaa muda mrefu zaidi bila kupumua. Akipumua, picha inakuwa ukungu.

Sasa sikilizeni vile tulivyopanga heshima, maana humo ndimo kosa lilimozaliwa. Mimi ni mwanamume, tena wa huku huku. Haikufaa nimtazame mama wa watu kifua wazi. Kwa hivyo alikuja Wanza kutoka maabara, jirani yetu wa mlango wa pili, kumsimamisha mgonjwa na kuliweka titi juu ya filamu. Wanza alikuwa msichana wa Ukambani, ana miaka kama ishirini na minne, mkali kama wembe mpya. Mimi nilisimama nyuma ya ukuta wa madini ya risasi, unaozuia miale, nikaelekeza kwa maneno tu: "Sogeza kushoto. Inua kidogo. Bana." Akishamaliza anakimbilia kwangu nyuma ya ukuta, nabonyeza. Kwa miaka mingi nimepiga matiti ambayo sijayaona ila kwenye filamu. Nilijisifu kwa hilo. Mke wangu alicheka, akasema hiyo ndiyo kazi ya kwanza duniani ya kutazama ndani bila kutazama nje.

Basi siku hiyo akaja Bi Zuhura wa Mambrui.

Bi Zuhura alikuwa mpishi wa harusi. Kuanzia Mambrui hadi mjini hakukuwa na harusi ya maana iliyopikwa na mtu mwingine. Mwanamke mnene, mikono kama ya mpiga makasia, sauti ya kuita watu ng'ambo ya shamba. Alikuwa amehisi donge kwenye titi la kushoto alipokuwa akijifuta maji ya kuoga. Alilinyamazia miezi kadhaa, halafu binti yake akaliona, akamleta kwa nguvu.

"Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahaba. Karisa, hiki chuma chako kitanichoma?"

"Hakichomi. Vuta pumzi uishikilie."

"Niishikilie mpaka lini? Mimi nimezoea kupuliza moto."

"Mpaka nikwambie."

"Na ukisahau kuniambia?"

"Bi Zuhura, ukisema hatuwezi kupiga."

"Haya nimenyamaza. Lakini huyu msichana mikono yake baridi kama chura."

"Mama, shika pumzi," Wanza akasema, akakimbilia kwangu nyuma ya ukuta.

Nikabonyeza. Picha ikatoka safi, nzuri, kiwiko changu kilifanya kazi. Daktari aliitundika kwenye sanduku la mwanga, akaisogelea mpaka pua ikaigusa. Donge lilikuwako, kivuli cha ukubwa wa kokwa ya tende. Lakini kilichomvuta karibu ni vidoa. Vidoa vyeupe, vidogo, kama mtu amenyunyiza chumvi ya mawe juu ya donge. Alitueleza kwamba saratani ya titi mara nyingi huacha punje za chokaa, na kwenye picha zinaonekana hivyo hivyo. Kwa kuwa zilikuwa nyingi kiasi hicho, alisema, hatasubiri. Titi litolewe lote wiki ile ile.

Bi Zuhura alipoambiwa hakulia. Aliuliza swali moja. "Umeiona hiyo saratani?"

"Nimeona dalili zake, mama."

"Dalili." Akaifunga leso yake. "Mwanangu, mimi nikikatwa, nikatwe kwa jambo linalojulikana. Sikatwi kwa kudhaniwa. Mikono hii ndiyo inayonilisha, na nimeambiwa mkono wa upande uliokatwa haunyanyui sufuria."

Walimlaza wodini akangojee.

Mimi jioni nikarudi kwenye ile picha. Sikuwa na elimu ya kusoma picha, lakini nilikuwa na macho na nilikuwa na muda. Vile vidoa vilinisumbua. Vilikuwa vimepanga foleni. Vitatu, nafasi, vitatu, nafasi, vitatu. Ugonjwa haupangi foleni. Nikamwita Wanza.

"Titi la yule mama, juu ya ngozi uliona nini?"

"Vikovu vidogo, mistari mistari."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani ni urembo wa kwenu."

Urembo! Zilikuwa chale. Mtu akiumwa huku kwetu, wako wanaokwenda kwa mganga, naye huchanja mikato midogo mitatu mitatu kwa wembe juu ya mahali panapouma, akasugua dawa humo. Wanza aliziona na hakuzijua. Daktari naye aliziona na hakuzijua. Mimi ningezijua hata kwa jicho moja, na mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya ukuta nikijitia adabu.

Nikaenda wodini. Hilo halikuwa jepesi, kwa sababu Bi Zuhura alikuwa binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu wa dini, na kwa mganga watu kama wale hawaendi, au wanakwenda na hawasemi.

"Mganga?" akaniambia. "Mimi? Nani kakwambia uzushi huo?"

"Sikuulizi jina lake, wala sikuulizi ulikwenda lini. Nakuuliza alisugua nini."

Akatazama ukutani. Kitanda cha pili kulikuwa na mgonjwa, akangoja mpaka yule amegeuka. "Wanja," akasema.

"Wa masizi au wa manga?"

"Wa manga. Ati wa masizi hauna nguvu."

Wanja wa manga, kwa nyinyi msioujua, ni jiwe. Linasagwa likawa unga mweusi unaometa, wanawake wanapaka machoni. Jiwe lile lina uzito wa risasi ndani yake. Nilikwenda nyumbani, mtaa wa Kisumu Ndogo, nikamwibia mke wangu kidau chake cha wanja, nikapita kwa mchinjaji nikanunua pande la shahamu ya ng'ombe. Asubuhi kabla ya wagonjwa nikalichanja lile pande kwa wembe, upande mmoja nikatia masizi ya sufuria, upande wa pili wanja wa manga, nikapiga picha. Upande wa masizi haukuonyesha kitu. Upande wa manga uling'aa, chumvi tupu, vitatu vitatu. Kisha tukampiga Bi Zuhura picha nyingine, safari hii titi limegeuzwa ili zile chale zije ukingoni, na vidoa vyote vikahamia kwenye ngozi. Ndani hapakubaki kidoa hata kimoja.

Hilo ni jambo la kushika. Ukitilia shaka kitu kwenye picha, mgeuze mgonjwa upige tena. Kilicho juu ya ngozi kitakwenda na ngozi.

Daktari aliziweka picha zote tatu kwenye sanduku la mwanga, ya mama mbili na ya shahamu. Akacheka mpaka akavua miwani. Aliniita profesa. Nakumbuka maneno yake barabara, kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi: "Basi hatumkati kesho. Mwambieni angoje, Wanza avute chembe za donge kwa sindano, azipake kwenye vioo, tuvipeleke Mombasa tujue."

Niliyasikia yote. Sitaki kusema sikuyasikia. Lakini ile nusu ya pili niliiona ya ziada, kama daktari anavyosema mengi. Nilikuwa profesa kwa muda wa dakika kumi. Nikakimbilia wodini kabla ya mtu mwingine kwenda kuchukua sifa zangu.

"Bi Zuhura, hukatwi. Ni wanja tu!"

"Wanja tu?"

"Wanja tu. Nenda nyumbani."

Alinikumbatia mbele ya wodi nzima, mwanamke wa Mambrui, mke wa mtu. Ndani ya nusu saa alikuwa ameshafungasha. Wengine wodini walipiga vigelegele.

Wanza alikuja mchana na trei yake ya sindano, akakuta kitanda kitupu. Akanifuata chumba cha giza, akagonga mlango kwa teke.

"Bwana Karisa, mgonjwa wangu yuko wapi?"

"Nimemruhusu. Ni wanja."

"Wanja ni vile vidoa."

"Ndiyo hivyo."

"Na donge?"

Nikajitia kukoroga dawa kwenye debe.

"Wanja umeeleza vidoa. Donge nani amelieleza? Wanja unafanya donge?"

"Wewe uliyeona chale ukadhani urembo, leo unanifundisha?"

"Mimi nilikosea kwa kutojua," akasema. "Wewe unajua."

Nilimwambia atoke, ananiingizia mwanga. Hapakuwa na filamu nje, hata mwanga ungeingia usingeharibu kitu.

Daktari hakunipigia kelele. Alisema, "Wewe ndiye uliyemtoa, wewe utamrudisha." Mambrui si mbali, ni kuvuka daraja la Sabaki na kuendelea kidogo. Ilinichukua miezi miwili kufika. Juma la kwanza nilisema mvua. Juma la pili nilisema zamu. Kisha daktari akaenda likizo na mimi nikapumua. Wanza kila Jumatatu alipita mlangoni kwangu akasema neno moja, "Mambrui," akaenda zake. Ukweli ni kwamba niliona haya. Kumpa mtu habari mbaya ni kazi, nimeizoea. Kumnyang'anya habari nzuri uliyompa mwenyewe, hiyo ni kazi nyingine.

Nikaenda hatimaye, siku ya Alhamisi. Nikaambiwa yuko kwenye harusi, nyuma ya nyumba ya bwana harusi, anapika. Nikamkuta katikati ya masufuria matano, wanawake kama kumi wakimenya vitunguu, moshi mtupu. Aliponiona akapaza sauti.

"Njooni mwone! Huyu ndiye aliyenitoa kisuni! Mpeni kiti! Karisa, umekuja kula au umekuja kuoa?"

"Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahaba baba. Mbona uso umeuvaa kinyume?"

Wale wanawake wakacheka. Mmoja akasema labda nimekuja kupiga picha pilau nione kama nyama imeiva. Nikacheka nami. Ningesema nini mbele yao? Habari za titi la mtu, na chale, na mganga, mbele ya watu kumi wenye midomo?

Nikasema, "Ule wanja, nimekuja kukwambia kwamba haukutosha."

Nilikuwa sijawahi kumwona mtu akikoroga sufuria kubwa halafu mwiko ukasimama wenyewe. Mkono wake wa kulia ukaenda kifuani kidogo tu, ukarudi.

"Limekua," akasema kwa sauti ya chini. "Niliona limekua. Nikajiambia Karisa amesema."

Kisha akamgeukia binti yake akamwambia, "Shika mwiko. Usiukoleze moto." Akajifunga buibui tukaondoka, mimi mbele yeye nyuma, mpaka hospitali.

Sasa kazi ya sindano. Hiyo haikuwa yangu, lakini nilisimama nje ya pazia, na Wanza alisema kila alilofanya ili mama asiogope, kwa hivyo niliisikia yote. Baadaye nilimwomba anieleze tena, na nawaeleza nyinyi. Sindano ni ile nyembamba, ya kawaida, bomba lake kubwa kidogo. Donge unalishika katikati ya vidole viwili lisikukimbie. Unaingia, unavuta kivuto, kisha unakwenda mbele na nyuma mara kadhaa ndani ya donge bila kutoka. Kabla hujaitoa sindano, achilia kivuto kirudi, la sivyo vile vichembe vyote vitaruka ndani ya bomba na utabaki na bomba chafu na vioo vitupu. Unamimina tone kwenye kioo, unalipaka kwa kioo kingine, kisha papo hapo kwenye spiriti, kabla halijakauka. Jina la mgonjwa unaandika kwa penseli. Wino unayeyuka kwenye spiriti, na vioo visivyo na majina ni mkosi, afadhali visingekuwako. Na kile kisanduku cha vioo miguu yake minne Wanza aliisimamisha kwenye mikebe ya mafuta ya taa, kwa sababu ya siafu. Siafu wa huku wanakula hata ugonjwa. Waliwahi kumlia vioo vya watu watatu katika asubuhi moja.

"Naingia sasa, mama."

"Ingia. Nimezaa watoto sita, sindano si kitu."

Katikati ya kazi Wanza akaacha kueleza, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanze. Alipotoka nje ya pazia alinionyesha vidole vyake kama anasugua mchanga.

"Umewahi kuchoma pera bichi kwa kisu?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Lilikuwa hivyo."

Donge la maziwa au la mafuta halina mchanga. Na hapo nilijifunza kufunga mdomo: Bi Zuhura alitoka akifunga leso, akanitazama mimi, si Wanza.

"Haya Karisa, leo wasemaje?"

"Leo sina neno, Bi Zuhura. Tungoje jibu."

"Afadhali," akasema.

Vioo vilikwenda Mombasa na gari la kuchukua dawa. Huko alikuwako daktari wa kusoma vioo. Jibu la kwanza lilirudi kwamba damu ni nyingi na chembe hazitoshi kusema kitu. Wapo waliotaka kulichukua kama jibu jema, hata pale pale hospitali. Wanza aliliandika ukutani kwa makaa: HAZITOSHI SI HAKUNA. Akampiga Bi Zuhura sindano tena, pembe nyingine ya donge. Safari ya pili jibu lilirudi likiwa na neno moja lililopigiwa mstari. Saratani.

Daktari alimwambia mwenyewe, akiwa ameketi, si kwa kusimama. Bi Zuhura akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Hii mmeiona?"

"Tumeiona, mama. Chembe zenyewe, kwenye hadubini."

"Basi ni jambo linalojulikana. Kateni."

Wakakata. Kwapani walikuta tezi moja imeshaingiwa. Nilimuuliza daktari, faraghani, kama ile tezi ingekuwa imeingiwa miezi miwili nyuma. Alisema hajui. Nilimuuliza tena mwaka uliofuata, nikifikiri labda amejua. Akasema, "Karisa, hakuna picha ya jambo hilo."

Mkono wake uliweza sufuria, ingawa si zile kubwa kabisa. Alipika tena. Hakunisemea neno baya hata siku moja, mbele yangu wala nyuma yangu, na Mambrui maneno hayakai. Lakini kila alipopika harusi aliniletea sahani hospitali, imefunikwa vizuri kwa kawa, na ndani yake wali mtupu. Pilau yenye harufu ya nyama, rangi ya nyama, mafuta ya nyama, na nyama hakuna. Mara ya kwanza nilidhani wamesahau. Mara ya pili nilimuuliza aliyeileta.

"Bi Zuhura amesema nyama yako inazuiliwa," akanijibu. "Amesema nawe ulimzuilia kitu, na unajua kwa miezi mingapi."

Nilikula. Kila sahani niliila yote, nikaiosha mwenyewe, nikairudisha. Wanza aliniona mara moja, akacheka, kisha akaacha kucheka. Ilikwenda hivyo miaka sita, harusi baada ya harusi, mpaka ugonjwa uliporudi mifupani, na huo niliupiga picha mimi na sikusema neno mpaka daktari amesema. Akafariki kabla ya mfungo.

Masufuria yaliingia mikononi mwa binti yake, yule aliyeachiwa mwiko. Yeye habari zetu hakuzijua. Mama yake hakumwambia. Harusi yake ya kwanza baada ya msiba aliniletea sahani kwa mkono wake mwenyewe, kwa heshima ya mama. Nikafunua kawa. Nyama imejaa juu, vipande vizuri vya mapaja.

Nikamwambia, "Mwanangu, ahsante sana. Rudi nayo ukaitoe nyama."